Videvu Sita vya Kuchorwa

Mwaka wa 2012 nilikuwa mlinzi wa geti la magari katika hoteli moja ya Al Sadd, na haja yangu duniani ilikuwa moja tu: kuhamishiwa lobi. Asiyewahi kusimama getini Doha mwezi wa Juni asinicheke. Viatu vilinipika nyayo, pua ilinitoka damu, na kila dereva alishusha kioo upana wa vidole viwili, asije akapoteza ubaridi wake kwa ajili ya mtu kama mimi. Mlinzi wa lobi alivaa suti na kunusa udi mchana kutwa. Nilimwonea kijicho wala sikuficha.

Mudir wetu, yaani meneja, alikuwa Mzungu wa New Zealand. Alipoamua kuandaa wiki ya kwao pale hotelini, aliagiza kondoo, samaki na utamaduni. Kondoo na samaki walifika. Utamaduni ulikwama, maana Mmaori, mwenyeji wa asili wa kule, tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, mama wa makamo aliyesimamia bwawa la kuogelea, na alimwambia mudir waziwazi kwamba haka, ile ngoma ya vita ya wanaume ya kutoa macho na ulimi na kujipiga mapaja, ina wenyewe. Haiombwi kama saladi.

Hapo mudir akakumbuka kwamba ana walinzi. Faili langu lilisema niliwahi kuwa mtumbuizaji wa utamaduni Mombasa. Ni kweli. Mimi Mtaita niliruka miaka miwili kwenye hoteli za pwani nikiwa Mmasai, shuka jekundu na rungu, na Wajerumani wakanipiga picha mpaka wakachoka. Mudir akanishika bega. "Ukiongoza vizuri, lobi ni yako." Kwa lobi ningeongoza hata kwaya ya malaika.

Tukawa sita, Wakenya wanne na Waganda wawili. Mwalimu wetu alikuwa video kwenye kompyuta ya mudir. Tulipoanza kuiva, ofisi ikaleta masharti: magoti yafunikwe, mikono ifunikwe, na ndimi zisitoke nje, kwa sababu kutakuwa na familia zinakula. Tukabaki na vita vya suruali ndefu na midomo iliyofungwa.

"Ssebo," Mganda mmoja akaniambia, "hii si vita. Hii ni mazoezi ya nasari."

Sasa nieleze habari ya kidevu. Yule mama alikuwa na moko, mistari ya wino iliyochanjwa kuanzia midomoni hadi kidevuni. Mwanamke wa Kimaori hajiamulii peke yake kuchanjwa. Ukoo hukaa na kuzungumza kwanza, na ile mistari husema yeye ni wa bibi gani na wa upande gani. Kanuni za usafi za hoteli nazo zilisema tatuu ya mfanyakazi isionekane. Basi kila asubuhi alijipaka kipodozi kizito, kidevu kikawa kama ukuta uliopigwa rangi jana. Siku moja kwenye meza ya chakula cha wafanyakazi alinieleza nchi yake kwa sentensi mbili. "Tunaitwa taifa la tamaduni mbili. Mmoja hukaa mezani, mwingine huitwa acheze nyama ikichelewa." Nilicheka kwa adabu, nikaendelea na wali wangu.

Jioni yenyewe, ofisi ya masoko ikatuma binti mwenye kalamu ya wino usiofutika na picha aliyoitoa mtandaoni. Akatuchora videvu vyote sita kwa ustadi mkubwa. Tulijitazama kwenye kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, tukajiona ni vita vitupu. Yule mama akapita mlangoni na taulo zake, akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama Mganda mwenye mabega kama kabati, akashika fremu ya mlango.

"Nani amewachora?"

"Ofisi, madam."

"Hiyo ni ya wanawake," akasema. "Nyote sita ni bibi zangu."

"Maze, tumeisha," akanong'ona Mkisii nyuma yangu, akaanza kujisugua kwa mate. Wino haukutikisika.

Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Alicheka huku machozi yakimtiririka, akajifuta kwa taulo, na taulo ikaondoka na kile kidevu cha hoteli. Moko ikabaki wazi, ya kijani kilichokolea. Akajiona kiooni. Kicheko kikakatika. Nilidhani atatafuta kipodozi. Alikunja taulo, akaiweka juu ya benchi, akaelekea ukumbini.

Tulipoingia, mudir alikuwa kwenye maikrofoni akisimulia hadithi ya Maui, shujaa wa Wamaori aliyevua kisiwa kizima kutoka baharini kwa ndoana ya mfupa wa taya la bibi yake. Alisimulia vizuri, lazima nikiri, mkono kifuani kama mjukuu. Wageni wakapiga makofi. Yule mama alikuwa amesimama karibu na meza ya saladi, mikono mbele. Nasi mabibi sita tukacheza vita vyetu, tukapigiwa makofi kuliko kondoo.

Mudir akaja kunipongeza. Njiani akamwona yule mama na kidevu chake. Akaendelea kutabasamu kwa ajili ya wageni, akaniinamia sikioni. "Mtoe nje. Kanuni anazijua."

Taya la bibi lilikuwa utamaduni likiwa kwenye hadithi. Likiwa kwenye uso wa mjukuu, tena mjukuu mwenye sare ya hoteli, lilikuwa kosa la usafi. Hayo niliyaona palepale, sitajifanya kwamba niliyaelewa baadaye uzeeni. Nilijua pia kwamba ningeweza kumjibu mudir hapana. Nilifikiria geti, nikafikiria Julai na Agosti zilizokuwa mbele, nikaenda.

"Samahani, madam. Ni kazi tu."

Akakitazama kidevu changu kwa muda. Hakucheka tena.

"Najua," akasema. "Hata kwetu wakubwa hawaji wenyewe kututoa. Humtuma mtu wa kufanana na sisi."

Nikamfungulia mlango, nikamsindikiza kwenye korido mpaka lifti ya wafanyakazi, mimi hatua moja nyuma kama nilivyofunzwa. Wiki ileile aliacha kazi. Hakuna aliyemwandalia chai ya kuagana, na mimi sikuthubutu kumtafuta.

Jumapili nilivaa suti nikasimama lobi. AC ilikuwa nzuri mno. Niliifurahia, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.