Mwalimu Anna na mitungi ya haidrojeni

Jamani, leo aliyetaka mitungi yetu ing'olewe amenigongea mlango!

Mimi ndiye fundi umeme wa ghorofa letu hapa Rahaleo. Jua likiwaka, umeme wa ziada wa paneli zetu za sola unatoa haidrojeni kwenye maji, tunaihifadhi mitungini. Jua likikosekana, inaturudishia umeme.

Jirani yetu Mwalimu Anna huwaambia watu tutalipuka.

Leo mvua tangu asubuhi, umeme umekatika mtaa mzima. Akaja mbio na mwanawe aliyebanwa na pumu, mashine ya umeme ya kuvutia dawa mkononi.

"Dada, kwenu umeme upo?"

"Upo. Ingia!"

Mtoto akavuta dawa mpaka kifua kikaachia.

Mwalimu akauliza taratibu, "Huu ni wa ile mitungi?"

"Ndio huo."

Kisha akasema, "Nimewasema vibaya. Naomba nikaione."

Nimempeleka, nikamweleza kila kitu. Nyie, mtu aliyewasema hivyo akikiri kosa, mngemjibu nini?