Kaa la Moto la Bi Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomnunulia jirani yangu kiberiti ili aache kunigongea mlango.

Miaka ya hamsini hiyo, nimepanga chumba Kariakoo, kwenye nyumba ya wapangaji wengi yenye ua mmoja. Nilikuwa karani kijana, nimefika sekondari, nikidhani kusoma ni kukaa ndani. Jioni wenzangu wapo barazani wanacheza bao; mimi nimejifungia na gazeti, utadhani kuna cha kuibwa. Kilichokuwemo ni kitanda cha kamba, jiko la mkaa na suruali mbili, moja nimeivaa.

Chumba cha pili alikaa Bi Zuhura, mjane mtu mzima, muuza vitumbua. Kila asubuhi, nikishawasha jiko nichemshe chai, namsikia na kigae chake mkononi: "Hodi! Mwanangu, nigaie kaa la moto."

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umeamkaje? Mbona macho mekundu? Jana ulikula nini?"

Kaa moja, maswali kapu zima! Ndipo nikampa kiberiti. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniombea nipate mke mwema. Kesho yake: "Hodi! Mwanangu, kaa la moto."

Masika yakaja, homa ikanilaza. Asubuhi nasikia hodi kwa mbali, ulimi mzito, kuitika siwezi. Mwingine angesema kijana kalala, akaenda zake. Bi Zuhura alijua saa ile mimi huwa nachemsha chai. Akamwita Eliasi, Mchagga wa chumba cha uani, naye akausukuma mlango kwa bega. Nikapakiwa kwenye mkokoteni wa magunia kupelekwa hospitali, nimefunikwa kanga ya maua, sokoni watu wote wananitazama. Mimi, nisiyependa kutazamwa! Daktari akasema ningecheleweshwa mpaka jioni, ningerudi nyumbani nimefunikwa uso.

Nilipopona nikaenda kumshukuru. Ndiyo kwanza naingia chumbani kwake. Nikakuta jiko linawaka, vitumbua vinaiva, na kiberiti changu kipo rafuni, hata hakijafunguliwa. Hapo ndipo msomi nilipofikiri: muuza vitumbua huwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri!

"Bi Zuhura, kumbe moto unao?"

Akageuza kitumbua, hana haraka. "Kwani naviuza vibichi? Moto ninao siku zote. Nilikuwa naja kukuangalia wewe. Barazani hukai, msibani huonekani, harusini ndiyo kabisa. Ningejuaje umeamka? Ungefia humo, sisi tunasema anasoma gazeti."

Akanipa kitumbua.

Mwanangu, hadi leo napenda kukaa ndani. Homa haikunitibu ugonjwa huo. Lakini jikoni nina chumvi tele, na kila asubuhi nakwenda kwa jirani kuomba chumvi. Mkewe ananiona mzee bahili. Acha anione. Na wewe fanya hivyo. Dawa ziko hospitali, lakini wa kujua kwamba umezidiwa yupo chumba cha pili, naye hawezi kujua kama hajakuzoea. Kaa barazani kidogo, nenda kwenye misiba ya watu, jibu maswali ya wazee hata yakikuchosha.

Mungu akupe afya njema. Akupe na jirani msumbufu, wa kubisha hodi kila kukicha. Na siku utakayoshindwa kuitika, asiondoke mlangoni. Amina.