Siku Nikiwa Mpole

Mimi nina mdomo. Tangu usichana wangu mama mzazi alikuwa akisema atakayenioa atajuta, na mume wangu hajajuta, au kama amejuta hajasema, maana nafasi ya kusema ataipata wapi? Kwa hiyo ukinikuta nagomba usiwe na wasiwasi, niko mzima. Uniogope siku nikiwa mpole. Siku hiyo ujue sukari imeshuka.

Kisukari changu ni kile cha utotoni, cha sindano. Nimekuwa nacho tangu sijavunja ungo. Huku juu milimani hatuna friji, dawa yangu inakaa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, mbali na jiko, na kila asubuhi najichoma kabla ya uji. Sindano ikishaingia, chakula lazima kifuate. Kikichelewa, au nikifanya kazi nzito kupita uji niliokunywa, ndipo balaa linapoanza: jasho la baridi, mikono kutetemeka, midomo kufa ganzi. Halafu unakuja ule upole. Naona kila kitu ni sawa tu. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko yote, kwamba nitakufa huku nakubaliana na kila mtu.

Mume wangu ni fundi wa malori kule Hedaru, anapanda nyumbani mwisho wa wiki. Siku nyingine zote tuko wawili, mimi na mama mkwe. Mama mkwe ananipenda, sitaki mtu aseme vingine. Ila upendo wenyewe, jamani! Siku aliyosikia mkwe wake anaumwa ugonjwa wa sukari, alitangaza vita na sukari. Kopo likahamia chumbani kwake, chini ya kitanda. Mimi nikawa natengewa chai yangu, ya tangawizi ya shambani kwetu, kali ya kutoa machozi, haina hata chembe ya utamu. Kanisani aliwaomba akina mama wenzake waniombee niache tamaa ya vitamu. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nasikia. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilimweleza. Nilimweleza taratibu, nikamweleza kwa makelele. "Mama, hii yangu inapanda na inashuka. Ikishuka, sukari hiyo hiyo ndiyo inaniokoa."

"Ugonjwa wa sukari utibiwe kwa sukari?" akanijibu. "Mwanangu, mimi ni mzee, usinifanye mtoto."

Basi nikajiongeza. Nikawa nanunua sukari yangu dukani, naiweka kwenye kimfuko na kuifunga kwenye pindo la khanga. Popote nilipokwenda, fundo langu nilikuwa nalo kiunoni, nikilipapasa mara kwa mara.

Ikafika siku ya msaragambo wa ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, mababu ndio waliolichimba, na kila mwaka kabla ya kulima kijiji kizima kinakwenda kuzoa tope. Kila nyumba itoe mtu. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake ya maji inarukwa. Mama mkwe alisema ataenda yeye. Nikasema ng'o, na magoti yale? Nitakwenda mimi. Kusema kweli nilichoka kuitwa mgonjwa. Nilitaka wanione nimeshika jembe kama wao. Akasema haya, basi atakuja kukaa na wapishi.

Nikajichoma, nikanywa uji, nikaenda kunawa uani. Nikarudi, nikajifunga khanga upesi upesi, tukaondoka. Sikulipapasa fundo.

Sasa, msaragambo una taratibu zake. Akina mama wanabandika sufuria la makande pembeni, lakini hakuna anayekula mpaka tope liishe. Hata ulie. Mwaka huo tope lilikuwa jingi, mvua zilikuwa zimeshusha nusu ya mlima. Tulichimba, tukapokezana ndoo, jua likapanda, watu wanaimba, na mimi nimo, naimba kuwashinda. Halafu jasho likabadilika. Mwenye ugonjwa huu analijua jasho lake. Nikapeleka mkono kwenye pindo la khanga.

Hamna kitu.

Loo! Nikageuka kutafuta chai ya wote, iliyokuwa kwenye birika karibu na moto, tamu kama kawaida ya chai ya msaragambo. Nilifika, nikamimina, kikombe nimekishika mkononi. Mama mkwe akaninyang'anya. Kwa upendo kabisa. Akanipa chupa yangu ya tangawizi.

"Kunywa hii, mwanangu. Ile si yako."

Kutoka hapo sikumbuki vizuri, mengine nimesimuliwa na majirani. Nilitakiwa nipige yowe. Nilitakiwa nimwage ile tangawizi mbele ya kijiji kizima, nimwambie mama, unaniua. Maneno yalikuwepo, nguvu ya kuyasema haikuwepo. Wanasema nilitabasamu.

"Sawa, mama."

Akafurahi. Akawageukia wenzake, akawaambia mnaona, maombi yamejibiwa, siku hizi ananisikia. Kisha akaniambia nikae kivulini.

"Sawa, mama," nikasema tena. "Asante, mama."

Hapo ndipo furaha yake ilipokatika. Wanasema alinitazama muda, birika mkononi. Akasema, "Huyu si mkwe wangu. Huyu hajanijibu hivi tangu aolewe." Akanishika shavu, akakuta nimelowa na nimepoa. Nikaenda chini.

Kumbe sukari yangu alikuwa nayo yeye. Asubuhi, nilipokuwa nanawa, alikuta lile fundo akalifungua, akasema kumbe mwizi wa kopo langu ni huyu. Lakini mama yule hatupi kitu, akalifunga kwenye khanga yake mwenyewe. Akapiga magoti kwenye tope, yale magoti mabovu, akanilaza ubavu, akaanza kufungua fundo kwa meno. Wenzake wakamshika mkono: "Unamuua mtoto wa watu! Sukari tena?" Aliogopa. Mwenyewe amenieleza, aliamini ni sumu. Akawaambia niacheni, mwenyewe alisema ndiyo inayomwokoa. Akachovya kidole, akanipaka ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku anasali kwa Kipare na analia.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichosema ni, "Nani kanifungulia khanga yangu?" Kwa ukali. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Kopo limerudi jikoni. Na kila asubuhi, kabla hata sijamwamkia, ananichokoza. Mbona uwanja mchafu? Huko kwenu hamkufundishwa kufagia? Nami najibu, tena najibu vibaya, anaguna, anaendelea na kazi zake. Jirani mgeni anadhani hatupatani.

Lakini kuna jambo linanitesa. Mwaka huu amedhoofika, magoti hayampeleki tena hata kanisani. Juzi alinipikia chai, akajikokota nayo kwa fimbo mpaka nilipokuwa nimekaa nikichambua maharage. Nikamtazama. Sijawahi kumshukuru. Nikasema, "Asante, mama. Kwa yote."

Akatupa fimbo. Kikombe kikamwagika. Mikono ikakimbilia pindo la khanga yake, anahangaika na fundo, anaita majirani, na uso wake umejaa hofu ambayo nilitamani nisiione tena. Nikamwambia mama, mimi mzima, nimepima sasa hivi. Hakusikia. Meno yake kwenye fundo.

"Na hiyo chai yenyewe mbaya," nikafoka. "Tangawizi imezidi, kama kawaida yako!"

Akaachia khanga. Akashusha pumzi, akakaa kando yangu, akaanza kuchambua maharage.