Minazi ya Bi Kadzo na Kadi za Mwero

Mwero alipofika ofisini kwetu Msambweni, mwezi wa Julai mwaka 1969, nilimchukia kwa siku tatu nzima. Nasema kweli, sina sababu ya kuficha sasa. Mimi Mwanasiti nilikuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika cha wakulima wa minazi, na daftari la wanachama lilikuwa mkononi mwangu tangu chama kilipoanzishwa, mwaka mmoja baada ya uhuru. Kisha akaja kijana wa miaka ishirini na mitatu, suruali imepigwa pasi mpaka imesimama, akaniambia kwa adabu zake zote kwamba daftari langu limepitwa na wakati.

Alikuwa anasoma chuo kikuu Nairobi, mambo ya biashara pamoja na zile mashine mpya za kuhifadhi habari. Masomo yao yalikuwa na utaratibu wake: wanakaa darasani, kisha wanatumwa kazini miezi mitatu, na mkubwa wa hapo kazini anawaandikia ripoti. Ripoti ikisema kazi haikumalizika, mwanafunzi anarudia mwaka. Mara ya kwanza Mwero alipelekwa Mombasa, kwenye kampuni moja ya meli, akajifunza kutoboa kadi. Safari hii alitumwa kwetu.

"Kila habari ni tundu, dada," alinieleza. "Kadi ngumu, matundu juu yake. Unaziingiza kwenye mashine kubwa kama kabati, nayo inazipanga yenyewe na kuchapa orodha. Muda wa kunywa chai tu, imekwisha. Hilo daftari lako likiungua, chama hakipo tena."

"Na kadi zako si karatasi? Haziungui?"

Alicheka sana. Nadhani hapo ndipo chuki yangu ilipoanza kupungua, lakini kiburi kilibaki. Wiki ileile aliniomba daftari alisome. Nikamjibu, "La nini, nawe umesema limepitwa na wakati?" Nikalifungia kabatini, ufunguo nikautia kwenye pindo la kanga.

Wala hakuwa mgeni. Alizaliwa Kinondo, na mama yake alipofariki alilelewa na dada wa mama, Bi Kadzo, mjane aliyekuwa akituletea mbata, nazi zilizokaushwa, chamani tangu siku ya kwanza. Bi Kadzo alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na hakuna aliyewahi kumdanganya kwenye mizani. Kijana alimwita mama, naye alimwita mwanangu.

Siku hizo ndipo hoteli zilipoanza kusimama Diani. Watu walikuwa wakija kupima viwanja, na mahali pa kiwanja minazi hukatwa. Kwa hiyo chama na wakubwa wa serikali huko Kwale walikubaliana ifanywe orodha ya minazi yote kutoka Msambweni hadi Diani. Aliyemo kwenye orodha ataulizwa kabla mnazi wake haujaguswa. Asiyekuwamo hana la kusema. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Mwero, na katibu wetu, Bwana Thoya, alimwambia wazi kwamba ripoti yake itategemea orodha hiyo.

Mwero akachora fomu. Nambari ya shamba, mwenye shamba, idadi ya minazi. "Shamba moja, kadi moja, mtu mmoja," alisema, maana ndivyo alivyofundishwa. Nilizipiga fomu mia tano mpaka vidole vikafa ganzi. Alipanda baiskeli akazunguka wiki saba, akapiga hodi kila mji, akauliza, akaandika. Fomu zikapelekwa Mombasa, habari zake zikatobolewa kwenye kadi. Mwishoni mwa Septemba orodha ikarudi, karatasi pana kama mkeka, majina yamepangwa kwa herufi bila kukosea hata moja. Bwana Thoya aliishika kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe, pamoja na kinyongo changu, niliisifu.

Jumatatu Bi Kadzo akaja kutoka Kinondo.

"Shikamoo, mama," Mwero akainuka.

"Marahaba, mwanangu. Nisomee jina langu, nami nilisikie likitoka humo."

Mwero akapitisha kidole kwenye herufi ya K. Akarudia. Akaenda kutafuta jina la baba yake Bi Kadzo, hakuna. Akatafuta la marehemu mumewe, hakuna. Mwishowe akatafuta kwa nambari ya shamba, na nikamwona uso unambadilika. Palikuwa pameandikwa: Shehe, minazi thelathini na miwili.

"Mama," alisema polepole, "nilipokuja kwako nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza, shamba hili la nani? Nikakwambia la Shehe. Kwani si la Shehe?"

"Ni la Shehe."

"Basi nilikosea wapi?"

Hakukosea. Hakuna aliyesema uongo. Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na minazi ina mwenyewe, na mara nyingi si mtu mmoja. Mjomba wake Bi Kadzo aliomba mahali pa kupanda kwa baba yake Shehe, akapewa, akapanda, na alipokufa minazi ikawa ya Bi Kadzo, ardhi ikabaki kwa kina Shehe. Mtoto wa miaka sita anayajua hayo. Mwero aliyajua kabla hajajua kusoma. Lakini aliuliza swali alilotoka nalo Nairobi, na watu wakamjibu swali alilouliza.

Shehe mwenyewe alikuwa mtu mwema, ila alikuwa hoi kitandani Mombasa. Wanawe ndio walioshika mambo, na walikuwa wamekwisha kumleta mnunuzi kupima ardhi kwa kamba pale Kinondo. Orodha ile ikishapokewa Kwale, minazi ya Bi Kadzo ilikuwa imekwenda.

"Mambo madogo hayo," Bwana Thoya alisema. "Mashine imesema ilivyosema, orodha inaondoka Ijumaa. Bi Kadzo tutamwandika pembeni kwa kalamu. Nawe Jumatatu uko chuoni, na ripoti yako nzuri mfukoni."

Mashine imesema! Kana kwamba mashine ilipita Kinondo ikapiga hodi.

Mwero alianza kuikunja orodha, nikadhani amekubali. Kisha akauliza, "Na wale ambao si mama yangu, bwana? Hao nani atawaandika pembeni?"

"Ukibaki hapa unarudia mwaka, unajua?"

"Najua."

Bi Kadzo akadakia, "Hapana, hapana. Mwanangu nenda ukasome. Minazi ni miti tu." Aliyasema haya huku ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono yote miwili.

Nikainuka. Nikafungua pindo la kanga, nikafungua kabati, nikaliweka daftari mbele ya Mwero. Ukurasa wa nne, kwa mwandiko wangu wa mwaka 1964: Kadzo, minazi thelathini na mmoja, shambani kwa Shehe. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika mwenye minazi upande mmoja na mwenye ardhi upande wa pili, bila kufundishwa na mtu, maana sikujua njia nyingine. Angelisoma Julai asingekosea. Nilizipiga fomu mia tano zenye mwenye mmoja tu, na sikuona, kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nilimwambia hivyohivyo, mbele ya katibu, na niliona haya.

Mwero alilitazama daftari. "Nilikuomba, dada," alisema tu.

Lakini daftari lilikuwa na wanachama wa zamani peke yao, hawakufika hata nusu. Ilibidi azunguke tena. Bwana Thoya alifoka siku mbili, kisha akapiga simu Kwale na kuomba wiki nne. Mkali ni mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Jumatatu ile wenzake Mwero walipoingia darasani Nairobi, yeye alikuwa kule Galu, karibu na Diani, juu ya baiskeli, na safari hii swali lilikuwa, "Minazi hii ya nani?" Mashamba mia moja na kumi na tisa yalikuwa na minazi ya watu wengine. Wengi wao wanawake.

Orodha mpya ilipokuja, Bi Kadzo akarudi. Bwana Thoya aliisoma mwenyewe, kwa sauti. "Kadzo. Minazi thelathini na mmoja. Ardhi ya Shehe."

"Sawasawa," alisema Bi Kadzo.

"Mbona kwanza ilihesabiwa thelathini na miwili?"

"Soma chini."

Katibu akashuka na karatasi mpaka kwenye M. "Mwero. Mnazi mmoja. Ardhi ya Shehe."

Mwero alikuwa akitazama dirishani. Bi Kadzo akatueleza yeye. Kijana alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa pale na nazi ikapandwa juu yake, kama tunavyofanya. Mnazi ule haukuwa wa Bi Kadzo, wala hakuwahi kuuhesabu. Kwa fomu yake ya kwanza, msomi wetu alikuwa ameuandika mnazi wa kitovu chake mwenyewe kuwa mali ya mtu mwingine, tena kwa mwandiko mzuri. Nilianza kucheka, nikajikuta nalia.

Alasiri ile Bwana Thoya alinisomea ripoti niipige. "Kazi haikumalizika katika muda uliowekwa." Nikaondoa vidole kwenye taipu. Mwero akasema, "Piga, dada. Ni kweli haikumalizika." Nikapiga. Alikwenda nayo Nairobi, wakamrudisha mwaka, kama walivyosema.

Mwaka uliofuata alitumwa tena kwetu kurudia mafunzo. Aliingia, akatoa shikamoo, na kabla hajavuta kiti akaniomba daftari. Lilikuwa tayari juu ya meza yake.