Maneno Niliyoyaruka

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa hajiwezi kwa filamu. Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji, kwa hivyo mfasiri wake nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na minne mwenye mdomo. Baada ya sala ya alasiri majirani huja na kashata zao, mapazia yakateremshwa, kanda ikatiwa kwenye deki, na ukumbi wetu wa Mji Mkongwe ukageuka nchi nyengine.

Kufasiri kwetu kulikuwa na adabu yake. Bibi yangu kakaa pale na tasbihi yake, utatamkaje mbele yake habari za mapenzi? Maneno hayo yakija, mimi husema, "Anamsalimia." Wanawake hucheka: "Mwana we, salamu gani hizo za machozi!"

Alasiri moja tulitazama filamu ya vita, ya zamani, haina rangi. Theluji ikianguka taratibu, na mle ndani joto, ubani unafuka, mimi nahisi naelea. Askari anampenda muuguzi. Mji unakaribia kutekwa. Treni ni ya mwisho na nafasi ni moja. Muuguzi hataki kumwacha. Askari akamwambia, sikutaki tena, nenda zako. Hilo nililifasiri vizuri, kwa sauti kubwa. Treni ilipotoweka na muuguzi, askari akabaki peke yake kituoni akisema amedanganya, kwamba anampenda kuliko roho yake. Nikamtazama bibi. "Anamtakia safari njema," nikasema.

"Hana haya yule!" mama mdogo akafoka, huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Siku zile alikuwa ameposwa na mtu wa Maskati, aliyefiwa na mke, mwema. Naye akimtaka, nilimwona anavyosoma barua zake dirishani huku akitabasamu. Lakini karatasi za safari zilikuwa za mke tu, na kila washenga wakija huwajibu, "Na huyu mtoto nimwache na nani?" Bibi alikuwepo, nyumba ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga. Safari ya tatu washenga walisema hawatarudi tena.

Basi nikajifanya askari. Nilimkuta jikoni anakuna nazi, nikamwambia, "Kubali, uende. Nshachoka nawe." Nilitaka aniamini aondoke, na hapo hapo nilitaka ajue kuwa nadanganya. Si tumeitazama pamoja? Akaacha kukuna, akanitazama. "Haya," akasema.

Akaolewa. Siku ya safari, uwanja wa ndege, alinibusu kwenye kipaji cha uso kama mgeni. Niko njiani narudi ndipo nilipotanabahi: yeye aliyemjua ni askari asiye na huruma, kwani maneno yale ya kituoni niliyameza mwenyewe. Nililia mpaka nikavimba uso, wallahi.

Alipopiga simu mara ya kwanza, nyumba nzima tuliizunguka simu. "Mwanangu," akasema, "ushapumzika nami?"

Bibi yupo, majirani wapo.

"Nilidanganya," nikasema, wote wanasikia. "Nnakupenda. Nnakupenda sana."

Upande wa pili kilio. "Ungenambia, mwanangu, nisingeondoka."

"Najua," nikamjibu.