Dumu la Dawa

Mama alishuka kwenye bodaboda pale kwangu Katandala akiwa amekumbatia dumu la togwa aliyonikorogea kwa sababu nilikuwa mjamzito. Kabla sijamwambia shikamoo, macho yangu yalitua kwenye kibandiko kilichobanduka nusu, chenye picha ya mdudu.

"Mama, humu mlikuwa na nini?"

"Dawa ya mahindi. Nimelisuuza vizuri kwa maji ya moto."

Wiki ile nilikuwa nimesikia redioni kwamba watafiti duniani kote wanahangaika na kemikali za shambani na za plastiki zinazovuruga homoni, hata za mtoto aliye tumboni. Nilimweleza mama huku sauti ikinipanda.

"Hiyo ni sumu, mama!"

"Sumu ni ya panya. Hii ni dawa," alisema, naye sasa amekasirika. "Mimba yako niliilea nikinywa maji ya dumu kama hili hili. Kwani wewe umepungukiwa nini?"

Hii niliyobeba ilikuwa mimba yangu ya nne, na ndani hamkuwa na mtoto hata mmoja wa kutoka kuja kumwamkia bibi yake.