Faili Ambalo Halikusomwa

Mwalimu alinipigia Jumatatu, saa tano na nusu asubuhi, nikiwa chumbani kwangu Manzese, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Kelele za kule chini zilinifanya niigandamize simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Binti, njoo Kurasini. Malori yako yamechanganyikiwa."

Hayakuwa malori yangu. Yalikuwa ya watu waliokuja kuchukua makontena kwenye yadi moja karibu na bandari. Mie nilichowatengenezea ni mfumo wa kupanga zamu. Wakala wa mizigo anaingia kwenye tovuti, anachagua saa, kisha dereva anapata meseji ya kumwambia afike getini saa ngapi. Lengo lilikuwa kuondoa ile foleni ya kila siku iliyoziba barabara hadi wauza chapati wakakosa pa kupita.

Mwalimu alikuwa karani wa geti. Alifundisha shule ya msingi Songea kwa miaka mingi, alipostaafu akamfuata binti yake Temeke, na alipochoka kukaa bure akaomba kazi pale yadi. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata bosi. Alikuwa na daftari kubwa la mistari ambalo hakukubali kuliacha, hata baada ya mfumo wangu kuja. "Wewe andika kwenye kompyuta yako," alikuwa ananiambia, "mie naandika kwangu. Tutakutana mbele."

Wakati wa majaribio, mfumo ulikaa kwenye kompyuta moja ya ofisini kwao, nami ndiye niliyekuwa nikiuwasha. Haukusumbua hata siku moja. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimeuhamishia kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta iliyoko nchi nisiyoijua, ili usitegemee umeme wa Kurasini. Nilijaribu kuifungua tovuti, ikafunguka. Wikiendi nzima nikatembea kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Nilipanda basi la mwendokasi, nikabadilisha gari mjini, na kufikia saa saba nilikuwa getini. Foleni ilikuwa imerudi. Mwalimu hakunigombeza. Alinivutia kiti ndani ya kibanda chake, akafungua daftari na kuweka kidole kwenye ukurasa wa siku ile.

"Tazama mwenyewe. Huyu zamu yake saa mbili asubuhi. Amekuja saa kumi na moja alfajiri, mlinzi ndiye kamwandika. Huyu naye saa mbili. Amekuja saa tano. Huyu wa saa tatu, kaja saa sita mchana. Huyu wa saa tatu pia, kaja saa kumi na mbili asubuhi."

Nilisoma mistari ile nikaona fujo tupu. Yeye alikuwa ameshaona kitu kingine.

"Wanaowahi, wanawahi masaa matatu. Wanaochelewa, wanachelewa masaa matatu. Mie nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote. Watu wakikosea wenyewe, kila mmoja anakosea kivyake. Wakikosea wote sawasawa, ujue kuna mahali wamenakili."

Maneno yale yaliniamsha. Nilitoka nje nikamwomba dereva wa kwanza niliyemkuta anionyeshe meseji yake. Alikuwa mzee wa Lindi, mpole, ameegemea tairi la lori lake. Meseji ilisema: Fika getini 05:00.

"Mie nimefika saa tano kamili, mwanangu," alisema. "Sikuchelewa hata dakika moja. Halafu naambiwa zamu yangu imepita."

Kijana wa lori la nyuma yake akaingilia. "Saa tano gani, mzee? Hiyo sifuri ya mbele maana yake alfajiri. Mie nimekuja saa kumi na moja, sista, nimekuta geti limefungwa, nimelala kwenye usukani mpaka shingo imekakamaa."

Wote wawili walikuwa wamepangiwa saa mbili asubuhi. Nilisimama pale juani nikapiga hesabu kwa vidole, na ilipokubali nilicheka kwa sauti, jambo ambalo halikumfurahisha yule kijana. Mfumo ulikuwa unatuma saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Saa mbili yetu imeandikwa 05:00. Aliyeisoma kizungu akaja masaa matatu kabla. Aliyeisoma Kiswahili, saa tano, akaja masaa matatu baada. Kosa lilikuwa moja, ila kila mmoja alilisoma kwa lugha yake.

Lakini hilo lilizaa swali kubwa zaidi. Mie nilikuwa nimeshaliwaza jambo hili tangu mwanzo. Mfumo ule ulikuwa na faili dogo la mipangilio, la maandishi ya kawaida tu, lisilofika ukurasa mmoja. Ndani yake niliandika kwamba tuko Dar es Salaam, na kwamba saa itumwe kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Kazi ya mfumo kila unapowaka ni kulisoma faili lile kwanza, ndipo uanze shughuli. Sasa lilikuwa limeenda wapi?

Nilirudi kibandani, nikafungua kompyuta yangu juu ya meza ya Mwalimu, nikaingia kwenye seva. Faili lilikuwepo. Nililisoma neno kwa neno. Dar es Salaam ilikuwepo, imeandikwa sawa. Nikazima mfumo, nikauwasha upya, nikajitumia meseji ya majaribio. Ikaja na saa ile ile ya nyuma. Nikalifuta faili na kuliandika upya. Hakuna kilichobadilika. Nikabadilisha hiki na kile kwa karibu saa nzima, jasho likinitoka, huku Mwalimu akiingiza malori kwa daftari lake kama zamani, kila lori kwa zamu aliyoipanga yeye.

Geti lilipotulia alikuja kusimama nyuma yangu. "Una hakika analisoma?" aliniuliza.

"Nani, Mwalimu?"

"Huyo mfumo wako. Una hakika analisoma hilo faili?"

Nikamwambia faili lipo, mbona lipo pale pale. Akatikisa kichwa.

"Kuwepo siyo kusomwa. Mwaka jana nilibandika matangazo ubaoni, kila siku madereva wananiuliza maswali ambayo majibu yake yako ubaoni. Nikaandika: Kesho kila dereva aje na kuku mmoja jike. Nikangoja. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyenuna, hakuna aliyeleta kuku. Ndipo nikajua hawasomi. Kumbe ubao ulikuwa kwenye geti la zamani, na wote walishahamia kupitia hili. Wewe andika upuuzi humo ndani. Akisoma, atapiga kelele."

Nilimtazama nikamuonea wivu. Nilifuta Dar es Salaam, mahali pake nikaandika kwamba tuko Sayari ya Kuku. Mfumo unaolisoma faili lile usingeweza kuwaka na mahali kama hapo. Ungegoma. Nikauwasha, tukainamia kioo wote wawili.

Uliwaka vizuri kabisa. Ukasema uko tayari kwa kazi.

"Haya," alisema Mwalimu, akavuta kiti. "Hasomi. Sasa anatazama wapi?"

Niliongeza mstari mmoja kwenye programu, wa kuuambia mfumo utaje mahali uliposimama kila unapowaka. Jibu lilikuja: alama moja tu ya mkwaju, kile kistari cha mshazari. Kwenye seva zile, hiyo ni njia ya kusema mwanzo kabisa wa diski, nje ya folda zote. Nikaelewa, na nikaona aibu kwa jinsi kilivyokuwa kitu kidogo. Kule ofisini, kabla ya kuuwasha mfumo nilikuwaga naingia kwanza ndani ya folda yake. Nilikuwa nimeuagiza, "soma faili la mipangilio lililo hapa," na "hapa" ikawa ni ile folda. Kwenye seva siuwashi mie. Kuna programu nyingine ya kuamsha mifumo yote, nayo iliuamsha ukiwa umesimama kule nje. Ukatazama "hapa", ukakuta hakuna faili, ukaendelea na safari.

Nilimweleza Mwalimu, nikaandika njia nzima, kuanzia mwanzo wa diski, folda kwa folda, hadi kwenye faili lenyewe. Kisha nikauwasha bila kuondoa ule upuuzi wetu. Safari hii ukagoma. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo, ukilalamika kwamba hakuna mahali panapoitwa Sayari ya Kuku. Mwalimu alipiga makofi. Mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini, akaambiwa kompyuta imekataa kuku.

Nikarudisha Dar es Salaam. Meseji ya majaribio ikaingia kwenye simu yangu: Fika getini saa kumi alasiri. Nikadhani tumemaliza. Mwalimu alikuwa bado ananitazama.

"Sasa niambie. Alipokosa faili, kwa nini alinyamaza?"

Nilifungua programu nikatafuta mahali pale. Palikuwa na mistari miwili niliyoiandika mwenyewe: faili lisipopatikana, tumia mipangilio ya kawaida, endelea. Nilikumbuka siku niliyoiandika. Ilikuwa asubuhi ya kuwaonyesha mabosi wa yadi mfumo kwa mara ya kwanza, na nilikuwa na hofu usije ukanizimikia mbele yao. Mwanamke peke yangu chumbani na wanaume saba wenye suti. Nikaufundisha usilalamike, hata ukikosa kitu gani. Siku ile haukulalamika, nikapewa kazi, nikasahau.

Nilimwambia Mwalimu ukweli huo wote. Hakucheka. Alisema darasani kwake walikuwepo watoto wa namna hiyo, wasioelewa na wasiouliza, na mara nyingi aliyewanyamazisha alikuwa mtu mzima. Halafu akainuka kwenda kufungua geti.

Niliifuta ile mistari. Nikaandika kwamba faili lisipopatikana mfumo usiwake, na useme waziwazi umelitafuta wapi. Kisha nikatoka nje kuwaomba radhi madereva, mmoja mmoja. Mzee wa Lindi alinisamehe upesi. Kijana wa shingo alitaka kwanza nimweleze kilichotokea, na nilipomaliza akasema kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi, nikamwambia hapana, tulikosea wote, na mie nikiwemo.

Siku iliyofuata nilirudi kuangalia. Foleni ilikuwa ya malori matatu tu. Mwalimu aliniomba nimwonyeshe lile faili kwa macho yake. Alivaa miwani, akalisoma polepole kutoka juu hadi chini. Chini kabisa nilikuwa nimeorodhesha majina ya nyakati: alfajiri inaanza saa ngapi, asubuhi, mchana, alasiri, jioni.

"Hapa umekosea," alisema. "Saa kumi na mbili siyo alfajiri. Jua limeshatoka, watoto wameshashika ufagio. Hiyo ni asubuhi."

Mzee wa Lindi, aliyekuwa dirishani akingoja karatasi yake, akasema kwao alfajiri ni ya swala, na haingoji watoto na mifagio. Tena alasiri nayo tumeiwahisha. Mwalimu akamjibu kwamba lori halisali. Mlinzi naye akaja na ya kwao Singida, ambayo haikufanana na ya yeyote. Lori la nyuma likaanza kupiga honi, hakuna aliyegeuka.

Nilikaa na kompyuta mapajani, nikiandika kila walichosema, nikifuta, nikiandika tena. Mwisho saa kumi na mbili niliiweka asubuhi, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Alasiri nikamwachia mzee. Nikahifadhi faili, nikauwasha mfumo upya, na kabla ya kitu chochote ukataja faili ulilolisoma na mahali ulipolikuta.